Nintendo kuingia kwenye simu: kelele zilitoka wapi?

Swali: Super Mario Run, gemu la kampuni ya Nintendo, ilipotoka kwenye iPhone Desemba 2016, mbona mashabiki waliikandia vile? Gemu lenyewe si lilikuwa tamu?

Jibu: Bei. Wakati huo ulipakua bure, ukacheza hatua tatu, ya nne ukaonjeshwa sekunde 20 tu, kisha ukadaiwa dola 9.99. Watu wa simu wamezoea vya bure.

Jibu: Bei mbona ya haki, unalipa mara moja basi. Kero ni intaneti muda wote: mtandao ukikatika, gemu linagoma. Ukiwa ndani ya ndege, sahau.

Jibu: Halafu Mario anakimbia mwenyewe. Wewe unagusa skrini aruke. Ukishikilia, anaruka juu zaidi. Waliozoea pedi za kuchezea gemu waliona wamenyang'anywa usukani. Fire Emblem Heroes, gemu jingine la Nintendo la simu, Februari 2017, ikaja na bahati nasibu ya wahusika (unabahatisha utampata nani), na huko ndiko mfuko unakotoboka.