Ati petroli ni cherehani?! Leo hatulali

PlagiKavu (mleta uzi)
Wakuu, simtaji mtu. Mnamjua, na yeye anajijua: yule ambaye hata ukiuliza rangi ya viti atakujibu "chukua dizeli". Sasa hivi tu, kwenye uzi wa watu wanaoulizana kistaarabu kuhusu plagi za gari, zile za kutoa cheche, kaibuka kaandika: "Injini ya petroli ni cherehani." Kamalizia na vicheko vitatu. Hakuna hoja, hakuna salamu, kapita zake.

CHEREHANI! Injini ikiwa mizunguko 6,000 kwa dakika, kila plagi inachoma mara 50 kwa sekunde, leo ndiyo cherehani?

Wimbo wake ni mmoja, "dizeli haifi". Dizeli ipi? Kama ni zile za zamani, mfano 1HZ ya Toyota, lita 4.2, silinda sita, haina tabo (feni ya kusukumia hewa ndani ya injini), pampu ya kimakanika, hiyo hata mimi naipa shikamoo. Bloku nzito, mizunguko midogo, haina kompyuta ya kukununia. Lakini huyu anasifia wazee halafu sifa anawavika vijana.

Dizeli za leo ni komoni reli: pampu inajaza bomba moja la presha, ndiyo reli, nalo linagawia nozeli (vinyunyizio vya mafuta) zote. Presha inafika bar 2,000 na kupita, wakati petroli yenye nozeli kwenye manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa) inaridhika na bar 3 au 4. Maji kidogo yakipenya chujio, pampu inakosa ulainisho, inajisaga, unga wa chuma unasafiri hadi kwenye reli na nozeli zote. Hapo hununui nozeli moja. Ni pampu, reli, nozeli zote, mipira ya kurudishia, na tangi linashushwa kuoshwa. Ukoo mzima! Petroli ikimisi, yaani silinda moja haiwaki vizuri, tuseme ya kwanza, unahamisha koili yake (inayoipa plagi umeme) kwenda ya pili. Misi ikihama nayo, koili imekufa. Isipohama, fungua plagi uitazame. Kama si plagi, ndiyo uanze kuwaza nozeli na kompreshani (mgandamizo ndani ya silinda).

Halafu mtu anaita hiyo cherehani. Na vicheko vitatu.

NozeliYaTatu
Mkuu punguza povu, kibodi itaota kutu. Mbona hujagusa petroli mpya zenye nozeli ndani ya silinda? Mafuta hayapiti tena nyuma ya valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo hakuna cha kuziosha. Mvuke wa oili unagandia pale, ukoko unajengeka, gari linamisi asubuhi. Dawa yake ni kuvua manifoldi na kupuliza unga wa maganda ya jozi. Cherehani haina ukoko kwenye valvu. Jamaa kawapamba.

PlagiKavu (mleta uzi)
Wewe umetumwa. Ukoko unasafishwa, injini inaendelea na maisha. Sasa mwambie bwana wako aeleze chujio la masizi kwenye egzosi. Likijaa, kompyuta inaongeza dizeli ili joto lipande kama nyuzi 600, masizi yaungue. Mtu wa safari fupi fupi anazima gari katikati, kila siku. Dizeli ambayo haijaungua inateremka ukutani mwa silinda hadi kwenye oili. Ukichomoa stiki ukakuta oili imepanda juu ya alama na hakuna aliyeongeza, usishangilie: oili imekuwa nyepesi, beringi za krenki zinafuata. Hayo hamsemi. Mnachojua ni kucheka watu. Vitatu!

Krachi_Mbovu
Kwa hiyo kilichokuuma ni cherehani au vile vicheko? Tuanzie hapo.

MamaGereji
Naunga mkono hoja, kwa sababu moja tu. Sili za tabo zikifa, dizeli inaweza kunywa oili yake yenyewe ikajiendesha. Ufunguo uko mkononi mwako na injini inanguruma kama imetukanwa, maana haina cheche ya kukatwa. Gari la manyuo (gia za mkono): weka gia ya juu kabisa, kanyaga breki kwa nguvu, achia krachi mpaka izime. La otomatiki ni kuziba njia ya hewa kwa kitu kigumu kama ubao, si kiganja, kitavutwa. Ukishindwa, kaa mbali. Petroli ukikata cheche imezima.

PlagiKavu (mleta uzi)
Asante mama! Sasa hiyo inayozima kwa adabu ndiyo inaitwa nini? Che-re-ha-ni.

Mzee wa Reli
Vijana, nusu ya vifo vya dizeli ni uvivu. Chini ya chujio kuna skrubu ya kutolea maji. Zima injini, kinga chupa inayoonyesha, legeza, acha kikombe kimoja kishuke. Maji yanakaa chini, dizeli juu, utaona mstari. Funga, piga pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, ndipo uwashe. Nani anafanya? Taa ya maji ikiwaka kwenye dashibodi wanaifunika na stika.

GiaYaTano
Mzee umesema. Ila wabaya kabisa ni wanaojaza petroli kwenye dizeli halafu wanawasha "tuone kama litaenda". Usiguse ufunguo! Magari mengi pampu ya tangi inaanza kusukuma ukifungua swichi tu. Nyonya tangi lote, osha mipira, weka chujio jipya, ndipo dizeli safi. Petroli haina ulainisho, ile pampu ya presha inasagika hata kwa safari fupi.

Krachi_Mbovu
Hao nao wana afadhali. Kuna fundi, simtaji, kila gari linaloingia kwake anang'oa thamosteti, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. "Injini ipumue." Ipumue nini? Inakaa baridi muda wote, kompyuta inadhani ndiyo kwanza asubuhi, inamimina mafuta mengi, plagi zinakuwa nyeusi, oili inashika unyevu na kugeuka tope. Petroli au dizeli, zote anaziua sawa, habagui.

MamaGereji
Huyo tunamjua wote. Na anajazia maji ya bomba kwenye rejeta, kutu mpaka hita.

PlagiKavu (mleta uzi)
Wakuu, tusitoke nje ya mada. Kuna mtu katukana injini ya petroli na bado yupo mtandaoni, namwona taa ya kijani.

GiaYaTano
@Krachi_Mbovu thamosteti inapimwaje kabla ya kununua nyingine?

Krachi_Mbovu
Itumbukize kwenye maji pamoja na kipimajoto, pasha taratibu. Ina namba imegongwa, mfano 82. Ikifika hapo lazima ianze kufunguka, na maji yakikaribia kuchemka iwe wazi kabisa. Ikigoma, au ikiwa wazi tangu baridi, tupa. Weka na gasketi mpya.

Mzee wa Reli
Na kile kijitundu chenye kipini kikae juu wakati wa kufunga, hewa ipate pa kutokea. Yule fundi wenu, siku chache anazoirudisha, anakielekeza chini.

MamaGereji
Anazirudisha? Ulimwona lini?