Ajira kwa vijana: JK, Magufuli au Mama Samia, nani alikuwa na sera ya maana?

Kitunda Juu (mwanzisha mada)
Wakuu salaam. Vyama tuweke pembeni, nalinganisha jambo moja tu: kijana wa mtaani alipataje kazi?

JK, yaani Kikwete, aliingia 2005 na ahadi ya ajira milioni moja, ikafuata mikopo tuliyoibatiza "mabilioni ya JK". Magufuli akaja na Tanzania ya viwanda, reli ya kisasa (SGR) na Bwawa la umeme la Nyerere, huku ajira serikalini zikisimama kupisha uhakiki wa watumishi. Mama amerudisha vibali vya ajira, kawafungulia wawekezaji milango, vijana kawapeleka shambani kupitia mradi wa kilimo wa BBT.

Kura yangu kwa Magufuli. Reli unaiona, umeme unauona. Mabilioni ya JK kwetu Kitunda hakuna anayejua yaliishia kwa nani. Karibuni tunyukane kwa hoja.

Chali wa Ngarenaro
Mkuu, hapo umechanganya mradi na ajira. Nilifunga nondo kwenye SGR upande wa Kilosa, kibarua cha kutwa. Hela ya bati ilipatikana, sikatai. Ila zege likikauka, mfunga nondo anaambiwa kwaheri. Treni ilipoanza kubeba abiria 2024, waliotakiwa ni madereva, wahudumu na mafundi umeme. Kati ya 2017 jiwe la msingi linawekwa na hapo, sisi wa tutani nani alituambia nendeni chuo cha ufundi VETA mkajiandae? Hakuna.

Mama Ntilie wa Mbezi
Nyie reli, sisi wa jikoni je? Kile kitambulisho cha mjasiriamali mdogo cha elfu ishirini cha Desemba 2018, changu hakikuwa na jina wala picha, namba tu, lakini mgambo akikiona anapita zake. Niliuza wali bila kukimbia na sufuria la moto. Sharti mauzo yasizidi milioni nne kwa mwaka, na nani alikuwa anahesabu sahani? 😀
Oktoba 2021 tukaambiwa tupishe barabara. Tulikopelekwa kuna paa na choo, ahsante, ila wateja walibaki kituoni.

Mhasibu wa Kata
JK mnamuonea kidogo. Shule za kata na Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM (2007), ni za wakati wake, na humu wengi msingefika hata form four. Tatizo wasomi walizidi nafasi, na Magufuli alipobana ajira foleni ikarefuka. Walimu wanaoitwa kwenye usaili siku hizi, wengine vyeti vina umri wa mtoto wa darasa la nne.

Kuhusu mikopo: asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, yaani 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, iko kisheria bila riba tangu 2018. Vikundi hewa viliila mpaka ikasimamishwa 2023, mwaka uliofuata ikarudi. Sera inatoka juu, orodha inaandikwa huku chini. Nimeona kikundi cha "vijana" mwenyekiti wake ana wajukuu.

Bin Newala
Wote mnazunguka Dar na reli yenu. Njooni Kusini.

Korosho zetu nyingi zinaondoka ghafi kwenda India na Vietnam, wakabanguliwe huko. Kubangua ndiyo ajira yenyewe. Mama anakaa na kijiti, anapaka majivu vidoleni maana utomvu wa ganda unachubua ngozi, anagonga moja moja kokwa isivunjike. Mwingine anamenya ngozi, mwingine anapanga madaraja. Kiwanda kimoja kinashika kijiji kizima, na hakuna anayedaiwa digrii.

Viwanda tulikuwa navyo, Newala, Masasi, Mtama, Nachingwea. Vilijengwa wakati zao lenyewe limeporomoka, vikakosa korosho. Mkapa, mtu wa huku huku, akabinafsisha, vingi vikageuka maghala. Kisha 2018 Bunge likaondoa mgao wa 65% wa ushuru wa korosho ghafi uliokuwa unarudi kuendeleza zao, ukaenda Hazina. Novemba hiyohiyo Magufuli akaleta jeshi kununua kwa 3,300 kilo. Bei ya kishujaa, lakini wanunuzi binafsi walikimbia na wabanguaji wadogo wakabaki bila mzigo.

Kwa hiyo mimi napima hivi: ushuru wa ghafi unamjenga mbanguaji au unajaza pengo la bajeti? Hapo wote watatu mnaowapigia debe sijaona wa kumpa zaidi ya nusu.

Kitunda Juu
Bin Newala heshima kwako, ila bila megawati 2,115 za Bwawa hizo mashine ungeendesha na koroboi?

Bin Newala
Mkuu, kijiti hakitumii umeme.

Chali wa Ngarenaro
😂😂 Hiyo imeingia. Lakini na BBT tuiseme. Bajeti ya kilimo ilitoka chini ya bilioni 300 mwaka 2021/22 ikapita 700 mwaka uliofuata, hakuna aliyewahi kuthubutu hivyo. Wasiwasi wangu ni shamba la BBT la Chinangali kule Dodoma: kijana wa mjini umempa ekari na mafunzo, je, atavumilia mpaka avune? Mwenye ndugu aliyeko huko atuletee habari, anauza wapi na kwa bei gani. Picha za uzinduzi tumeshaziona.