Msambamba: kwa nini eneo si 8 × 5, na mishazari inagawa nini hasa?

Rula30: Wakuu, habari za muda huu. Naomba msaada. Msambamba ABCD (umbo la pande nne, zinazotazamana zikiwa sambamba) una AB = sm 8 na AD = sm 5, kimo kutoka D hadi AB ni sm 4. Nimezidisha 8 × 5 nikapata 40, jibu la kitabu ni 32. Halafu nimechukulia kwamba mshazari AC (mstari kutoka kona A hadi kona C inayoitazama) unagawa pembe A nusu kwa nusu, hesabu ikagoma. Mishazari ya msambamba inagawa nini?

Kipimapembe: Karibu mkuu. Tuanze na eneo. Shusha kimo kutoka D kikutane na AB kwa pembemraba, pale kinapogusa paite E. Pembetatu AED ina pande 3, 4 na 5, kwa hiyo AE = sm 3. Chora umbo kwenye karatasi, kata pembetatu hiyo kwa mkasi, isogeze upande wa pili bila kuigeuza. AD italala juu ya BC bila kuacha pengo, maana ni sambamba na zina urefu mmoja. Unabaki na mstatili wa 8 kwa 4, na hapo ndipo 32 inapotoka. Ile 5 ni upande ulioinama. Ingezidishwa na 8 endapo tu pembe A ingekuwa nyuzi 90.

Ukipenda kufanya AD iwe kitako, ruksa, ila kimo nacho kinabadilika: 32 ÷ 5 = sm 6.4. Wengi wanapoteza alama hapa, wanachukua kitako kimoja na kimo cha kitako kingine. Na kimo kutoka C kitaangukia nje ya umbo: refusha AB kupita B kwa sm 3 ndipo ukipate. Ni sm 4 ileile.

BikariKali: Mishazari inakatana katikati, hilo ni la uhakika kwa kila msambamba. Hakikisha mwenyewe: weka A (0, 0), B (8, 0), C (11, 4), D (3, 4). Katikati ya AC ni (5.5, 2), katikati ya BD ni (5.5, 2). Nukta moja.

Kwa urefu hailingani: AC ni kama sm 11.7, BD kama sm 6.4. Pembe A ni takriban nyuzi 53.1, na AC inaikata kuwa 20 upande wa AB na 33.1 upande wa AD. Sababu iko ndani ya pembetatu ABC. AB ni ndefu kuliko BC, basi pembe inayoitazama AB, yaani BCA, ni kubwa kuliko BAC. Na BCA ni sawa na CAD, kwa kuwa ni pembe mbadala: AD na BC ni sambamba, na AC inazikata zote mbili. Ili zile mbili za pale A zilingane, lazima AB = BC, na hapo una rombasi, yaani msambamba wenye pande zote nne za urefu mmoja.

Kuna kipimo kizuri cha kukagua urefu wa mishazari: jumla ya miraba yake (urefu mara urefu wenyewe) ni mara mbili ya jumla ya miraba ya pande mbili jirani. Hapa 137 (ya AC) + 41 (ya BD) = 178, na 2 × (64 + 25) = 178.

Rula30: Nimeelewa, asanteni sana. Na hili je: pembe A = 3x + 10, pembe B = 2x + 20. Nimezilinganisha nikapata x = 10.

Sambamba4: Hapana ndugu, umelinganisha pembe jirani. Zinazolingana ni zile zinazotazamana: A na C, B na D. A na B zinajumlishwa kuwa 180, kwa hiyo 5x + 30 = 180, x = 30. A ni nyuzi 100, B ni 80. Kwa x = 10 ungepata 40 na 40, jumla 80, na mistari AD na BC ingekutana mbele badala ya kuwa sambamba.

Kipimapembe: Nyongeza kwa anayechora kwa bikari. Ukishapata A, B na D, weka ncha D na uchore tao la sm 8, kisha ncha B tao la sm 5. Matao hayo yanakatana sehemu mbili. C ni ile iliyo ng'ambo ya mstari BD ukitokea A. Ukichukua nyingine, pande zote nne zitakuwa na vipimo sahihi, lakini mbili zitapishana kama mkasi na hutapata msambamba.