Iliki imeisha kopo tupu, programu inasema bado ipo. Nakosea wapi?

Mtoto_wa_Viungo:
Wakuu, habari za jioni. Nimemwandikia mama programu ndogo ya duka kwa Python. Kopo la iliki ni kilo moja, anauza vipakiti vya gramu 100. Kila akiuza, programu inatoa 0.1, na baki ikifika sifuri inatakiwa iandike "Iliki imeisha". Jana kanipigia: "Mwanangu, kompyuta yako yasema iliki ipo, nami nimeshika kopo tupu." Pilipili manga anauza robo robo, na yenyewe haina shida hata kidogo! Kodi ni ileile:

baki = baki - 0.1
if baki == 0: print("Iliki imeisha")

kijana_wa_lupu:
Hiyo ni kasoro ya Python mkuu, hamia JavaScript.

Bi_Hesabu:
Hapana, JavaScript atakutana nayo vilevile, na Java pia. Zote zinafuata IEEE 754, kanuni za jinsi kompyuta inavyohifadhi namba za desimali, za tangu 1985. Mdogo wangu, chapisha baki kila baada ya kuuza, usiikate desimali, utuletee.

Mtoto_wa_Viungo:
Makubwa! Kipakiti cha tatu: 0.7000000000000001. Cha kumi: 1.3877787807814457e-16, yaani sifuri nukta, sifuri kumi na tano, ndipo 13877... Kwenye skrini nilikuwa naonyesha desimali mbili tu, kwa hiyo mama alikuwa anaona 0.00.

Bi_Hesabu:
Ndiyo hiyo. Chukua kikokotoo ugawe 1 kwa 3: utapata 0.333 isiyokwisha, mwisho kikokotoo kinakata. Kompyuta inahesabu kwa mbilimbili, yaani kwa tarakimu 0 na 1 tu, na kwake moja ya kumi ndiyo haiishi. Inakata, inabaki na kitu kama 0.10000000000000000555. Robo ni nusu ya nusu, inaingia kamili bila kukatwa. Ndiyo maana pilipili manga imekusitiri.

fundi_kodi:
Usilinganishe floti (hizo namba za desimali za kompyuta) kwa == kaka. Tumia math.isclose(baki, 0), umemaliza.

Mtoto_wa_Viungo:
Nimejaribu, bado inakataa. False.

Mzee_wa_Jozi:
Itakataa mpaka kesho. isclose ukiiacha ilivyo inauliza: je, tofauti haizidi sehemu moja ya bilioni ya ile namba kubwa kati ya hizo mbili? Sasa unalinganisha na sifuri. Tofauti ni baki yenyewe, na namba kubwa ni baki yenyewe. Baki haiwezi kuwa sehemu ya bilioni ya baki! Lazima uitajie mwanya wako: abs_tol=0.0005, yaani nusu gramu.

Ila mimi nisingefanya hivyo. Wewe hupimi joto wala umbali wa nyota, unahesabu vipakiti. Weka gramu: kopo 1000, toa 100. Namba nzima hazina ujanja, na == yako utaiacha palepale. Na shilingi ziwe nzima pia, usije ukarudi hapa mwezi ujao na uzi wa pili.

fundi_kodi:
Nakubali, shikamoo mzee. Sifuri sikuifikiria. Decimal je, ile aina ya namba ya Python inayohesabu kwa kumikumi?

Mzee_wa_Jozi:
Marahaba. Inafaa, mradi aandike Decimal("0.1") na alama za nukuu. Akiandika Decimal(0.1) anaiingiza floti iliyokwisha kuharibika, na uchafu wake wote. Kwa kopo la iliki naona ni kazi ya bure.

Mtoto_wa_Viungo:
Nimebadilisha kuwa gramu, imekubali! Asanteni sana. Sasa nahamisha stoo ya zamani, ninazidisha kwa 1000 kisha int(). Sawa?

Bi_Hesabu:
Ngoja kwanza! int() haikadirii, inakata. Jaribu int(0.29 * 100).

Mtoto_wa_Viungo:
28. Duh. Na nilishahamisha mdalasini wote.

Bi_Hesabu:
Tumia round(). Na mdalasini mwambie mama aupime upya kwa mzani.