Nimemwacha mke Moshi

Shikamooni wakubwa. Niko Arusha, mwezi ujao naondoka kwenda Ujerumani kwenye kazi ya uuguzi, Kijerumani nimesoma ila hii verlassen inanichanganya, mwalimu anasema ni kuondoka, kamusi inasema kuacha, sasa nishike lipi?

---

Marahaba mdogo wangu. Shika kuacha. Mi nimesharudi Moshi ila nilikaa kule na hilo neno limeniaibisha. Kule ukihamia nyumba una wiki mbili tu za kwenda kujiandikisha manispaa, basi nimefika dirishani mama wa watu akaniuliza mke yuko wapi, nikamjibu kwa kujiamini kabisa Ich habe meine Frau verlassen, kichwani mwangu nimemwacha Moshi anauza nguo zake Kiborloni. Yule mama akaniangalia kwa huruma, akataka kuandika tumetengana! Na ukikaa ukafikiria hata huku ni hivyo hivyo, sema "nimemwacha mke wangu" uone watu watakavyokupa pole ya talaka, ongeza "nyumbani" hakuna anayeshtuka. Ila Wajerumani hiyo "nyumbani" haikuokoi, we sema tu meine Frau wohnt in Moshi, mke wangu anaishi Moshi, yaishe.

Verlassen lazima utaje unachokiacha, chumba, nchi, mtu, huwezi kuliachia hewani. Jioni ukitoka kazini sema Ich gehe, inatosha. Halafu bosi akikwambia Ich verlasse mich auf Sie usianze kufunga begi, anamaanisha anakutegemea (hapo mi nilitaka kulia).

---

Dada hapa, bado niko huku huku Ujerumani. Mwambie na ausziehen. Ich ziehe aus ni nahama nyumba, ukichomeka mich pale kati, ich ziehe mich aus, umemwambia mwenye nyumba unavua nguo 😂 Na kuhama kwenyewe notisi ni miezi mitatu, kwa maandishi na saini yako, sio kama Arusha unamwambia mzee jioni ukipita getini. Siku ukirudi nyumbani jumla ukajiondoe manispaa pia, wengi wanapanda ndege kimya kimya barua zinawafuata.

---

Asanteni sana, hiyo mich naiandika ukutani. Ila kaka, shemeji alikuja kujua?

---

Nilimsimulia mwenyewe kwenye simu, nikidhani atacheka.