Haiwezekani mtu anishikie usukani wa baiskeli yangu mbele ya umati pale Mtae!

Mpanda_Usambara (mleta uzi)
Wakuu, ninaandika nikiwa bado na vumbi jekundu la Lushoto masikioni, na hasira niliyonayo ingetosha kuivisha makande ya shule nzima ya bweni. Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja. Ni yule yule mwenye baiskeli ya shokapu mbele na nyuma, ambaye hawezi kusimama kunywa maji bila kututangazia bei yake. Leo mchana, pale Mtae, kijiji kilicho ukingoni mwa milima ya Usambara, mbele ya kundi letu zima la baiskeli na mbele ya akina mama waliokuwa wakisubiri basi, aliunyoosha mkono wake, akaushika usukani wangu, akasema: "Wewe shuka, usukume. Baiskeli ya kubebea viazi haiteremki hapa."

Alinishikia usukani, wakuu! Nadhani kicheko cha vijana waliokuwa pale kilisikika mpaka Same.

Tulitoka Lushoto mjini alfajiri. Wanaoijua njia hiyo wanajua kwamba ukiingia msitu wa Magamba, ambao kilele chake kinazidi mita 2,200, ukungu unailowesha mizizi iliyokatiza njia hata siku isiyo na mvua, kiasi kwamba ukisimama juu ya pedeli gurudumu la nyuma linazunguka bure, na huna budi kukaa kitini na kuinamisha kifua mpaka kidevu kikaribie usukani. Usukani huo huo alioushika! Pale msituni yeye alikuwa akisukuma, nami nilimpita nikamwamkia kwa heshima. Baada ya Lukozi yakaja mashamba ya kabichi na viazi, ambako malori yameuchimba udongo mwekundu kuwa mifereji ambayo gurudumu likizama halitoki mpaka mfereji wenyewe uamue. Kuanzia Manolo hadi Sunga ni kupanda na kuteremka kusikokwisha. Yote hayo niliyapita kwa shokapu za mbele tu na breki za mpira.

Tulipofika ukingoni, tambarare ya Mkomazi ikiwa takribani mita 1,000 chini yetu, nilikuwa nimekwisha kushusha kiti na kupunguza upepo wa matairi ili yashike kokoto. Nilikuwa tayari kabisa. Ndipo mkono ule ukaja. Ninauliza: ni nani aliyempa mtu huyu mamlaka ya kushika usukani wa mtu mzima?

Kijana_wa_Soni
Pole sana, mkuu. Huyo bwana nami alinifanyia hivyo hivyo kwenye kona za barabara ya kwenda Mombo, akaniambia kofia yangu ngumu ni ya fundi ujenzi. Ni kweli ilikuwa ya fundi ujenzi, lakini hilo halimhusu.

Gia_ya_Kwanza
Mleta uzi ameandika aya nne na mpaka sasa hajatuambia kama aliteremka au alipanda basi pamoja na wale akina mama.

FundiSpoki
Tabia yake siitetei, ila breki za mpira zikibanwa mfululizo kwenye mteremko mrefu, rimu inapata joto na tyubu inaweza kupasuka. Huenda alikuwa akikuonya.

Mpanda_Usambara
FundiSpoki, jambo hilo ninalijua vizuri, na ndiyo maana ninabana na kuachia, kisha ninasimama kwenye kona mpaka rimu ipoe. Mtu anayeonya hutumia mdomo. Yeye alitumia mkono, akaushika usukani wangu, wala hakutaja rimu, alitaja viazi.

Kuhusu swali la Gia_ya_Kwanza: niliteremka nikiwa juu ya baiskeli, uzito wangu ukiwa nyuma ya kiti, juu ya mawe yaliyolegea, mpaka kwenye mchanga wa chini. Huko chini nilimkuta yule bwana amekwama, matairi yake yamejaa upepo mpaka yanazama mchangani kama kisu, nami nilimpita bila kugusa chochote chake. Hiyo ndiyo tofauti kati yetu.

Mama_Pedeli
Kwa hiyo ulimpita tena na bado unalalamika? Mimi nilikuwepo. Kicheko kilikuwa cha kijana mmoja tu, na basi lenyewe lilikuwa limekwisha kuondoka.

Mpanda_Usambara
Basi lilikuwepo!

Kijana_wa_Soni
Tusipoteze muda kwa basi. Tatizo kubwa la njia ile ni malori ya mboga yanayokupita bila kupiga honi, ukabaki umesimama gizani mchana kwa sababu ya vumbi. Hilo ndilo lililostahili uzi.

FundiSpoki
Malori yana haki ya kupita, kwa kuwa wakulima wanaishi kwa mboga hizo. Linaloniudhi mimi ni watu wanaokwenda safari ya mlimani bila pampu, wakitegemea ya mwenzao. Pampu yangu iliazimwa pale Lukozi, na mpaka leo ninapuliza matairi ya wateja kwa pampu ya jirani.

Gia_ya_Kwanza
Hiyo pampu ni ya vali nyembamba au vali nene?

FundiSpoki
Inakubali zote mbili. Kwa nini unauliza?

Mpanda_Usambara
Wakuu, naomba turudi kwenye suala la usukani wangu.

Gia_ya_Kwanza
FundiSpoki, iko kwangu, lakini niliichukua kutoka kwa Mama_Pedeli, na mpira wake ulikuwa umekwisha kukatika.

Mama_Pedeli
Ulikuwa mzima nilipokupa. Njoo tuonane mbele ya fundi mwenyewe.