Kuinua Hilux LN106 ya kazi: springi za inchi 2, shako ndefu au tairi kubwa?

Mwana_Kayenze
Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu na pikapu za zamani.

Nina Hilux LN106 ya mwaka 1994, injini ya dizeli aina ya 3L, springi za majani mbele na nyuma. Inabeba dagaa wakavu kutoka mwaloni Kayenze kwenda Kirumba hapa Mwanza, na msimu wa mavuno naingia nayo vijijini Kwimba kufuata mpunga. Huko Kwimba ndiko kwenye shida. Mvua ikinyesha kwenye ule udongo mweusi wa mbuga, malori yanachimba mitaro miwili, katikati linabaki tuta. Difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli, inalikalia tuta, tairi zinazunguka bure. Hapo ni kushusha magunia na kuomba wanakijiji wasukume.

Fundi mmoja ananishauri niongeze shako ndefu (vile vyuma vinavyoshika ncha ya springi kwenye chasisi) pande zote na vipande vya chuma kati ya springi na ekseli, anasema kazi ya siku moja. Mwingine ana seti ya kuinua gari inchi 4. Mimi naona seti ya inchi 2, springi na shokapu zake, ingenitosha, ila bei yake si ya mchezo na sitaki kununua kwa kubahatisha. Nifanye lipi?

Fundi_Nyakato
Mkuu, kabla hujatoa hela, pima gari lako. Chukua futi kamba, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, kona zote nne, gari likiwa tupu kisha likiwa na mzigo. Andika. Halafu ingia uvunguni. Gari likiwa tupu na shako za nyuma tayari zimelala, ujue springi zimenyooka, zimechoka. Angalia na mipira ya kugotea: ikiwa imesagika na chasisi juu yake inang'aa chuma kitupu, ekseli inagonga pale kila unapopakia. Hizi Hilux nyingi zimeshuka polepole, mwenye gari anahangaikia inchi mbili ambazo gari lilitoka nazo kiwandani.

Shako ndefu sikushauri. Ukiongeza sentimita 5, gari linapanda kama mbili na nusu tu, halafu linayumba kwenye kona, na ya mbele inageuza mlalo wa ekseli, stelingi haitulii tena. Vipande vya chuma mbele usikubali hata ukifungiwa bure. Ukikanyaga breki, ekseli ya mbele inataka kujizungusha. Kipande kikichomoka, stelingi imekwenda, na wewe umekwenda nayo.

Na akitokea wa kukwambia atazipasha moto springi zako azikunje upya, mwulize atazirudishia vipi ugumu wake. Jani lililopashwa moto likaachwa lipoe lenyewe linanyooka tena baada ya muda mfupi.

Mwana_Kayenze
Shukrani sana. Nimeingia uvunguni leo. Shako za nyuma zimelala kabisa na mpira mmoja wa kugotea haupo, umebaki mguu wake tu. Kwa hiyo springi mpya hazikwepeki. Je, inchi 2 zitaitoa difu kwenye tuta?

Ngwana_Ngudu
Hapana mkuu, na hapa ndipo watu wanapoteza hela. Springi zinainua chasisi na bodi. Difu iko kwenye ekseli, na ekseli inategemea tairi. Hata ukiweka hiyo seti ya inchi 4, difu itabaki palepale ilipo.

Kinachoinua difu ni tairi. Kama bado unatumia tairi za 205R16, kimo chake ni kama sentimita 74. Ukipanda hadi 7.50R16 unafika kama 80. Difu inapata nusu ya tofauti, yaani sentimita 3 hivi. Usizidharau, kwenye tuta zina maana kubwa. Ila gia zitakuwa nzito kidogo mlimani, na spidi mita ikisoma 80 wewe utakuwa kwenye 86. Springi za inchi 2 zitakusaidia tairi hiyo isikwaruze bodi ukikata kona na mzigo.

Sisi wa huku tunajua jambo moja zaidi: usiifuate mitaro ya malori. Tairi za upande mmoja zipandishe juu ya tuta, za upande wa pili zitembee nje ya mtaro. Gari litainama kidogo, lakini difu inapita. Shuka kwanza uangalie kwa miguu kama ukingo ni mgumu.

MamaDagaa_Kirumba
Mwanangu, mimi si fundi lakini nimepakia dagaa kwenye hizi pikapu miaka na miaka. Dagaa hawana uzito, wana kimo. Mnapanga magunia hadi yanazidi kebini, halafu bado unataka kuinua gari. Pita na mzigo huo daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya maji, upepo wa ziwa ukuchape ubavuni, ndipo utajua gari refu ni nini. Wafikirie na vijana wa kupakia, kila inchi ya bodi inaishia mabegani mwao. Hizo inchi 4 achana nazo. Na ukishainua, punguza safu moja ya magunia.

Fundi_Nyakato
Mama amesema kweli, na wateja wangu wengi hawalifikirii hilo.

Mkuu, chukua inchi 2. Muuzaji atakuuliza uzito unaobeba kila siku, mwambie ukweli. Springi za mzigo mzito kwenye gari linalorudi tupu zitakuvunja mgongo. Shokapu ziwe za kimo hichohicho, za zamani zitafika mwisho kabla ya springi. Yuboti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya, usirudishie za zamani. Mipira ya breki iangaliwe ekseli ikiwa imening'inia, isivutike.

Kuna kitu mafundi wengi wanakiruka: ile valvu ya breki za nyuma yenye mkono ulioshikana na ekseli. Inapima mzigo kwa jinsi bodi ilivyoshuka. Ukiinua gari bila kurekebisha mkono ule, valvu inadhani gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma, wakati wewe una mpunga umejaa. Hakikisha imerekebishwa kabla hujaondoka gereji.

Mwana_Kayenze
Nimewaelewa wote. Naanza na springi na shokapu za inchi 2, tairi za 7.50 zitafuata baada ya mavuno. Mama, safu ya juu naitoa. Fundi, swali la mwisho: baada ya kufunga, nikaze tena lini?

Fundi_Nyakato
Yuboti zirudie baada ya kilomita 500. Bolti za bushi (mipira iliyo ndani ya ncha za springi), za shako na za jicho la springi, zikazwe gari likiwa limesimama chini kwa uzito wake. Ukizikaza likiwa juu ya jeki, bushi zitajikunja siku ya kwanza na kuchanika mapema. Ukizileta springi, pitia Nyakato tuzitazame kabla hazijafungwa.